Hadidiski haijafa, na kazi ngumu iko kwenye hedi ya kuandikia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu ya teknolojia iliyosema hadidiski imeshakufa, kwamba dunia nzima imehamia SSD (diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka) na anayenunua hadidiski, yani diski yenye sahani zinazozunguka ndani, anatupa hela yake. Mimi ni fundi kompyuta hapa Dar es Salaam, kazi yangu kubwa ni kuokoa data kwenye diski zilizoharibika, kwa hiyo hivi vitu nimevifungua sana, na naomba niseme wazi kwamba makala ile imekosea, tena imekosea pabaya kwa sababu watu wanasoma gazeti asubuhi na mchana wako dukani wananunua.

Kwenye laptopu sawa, hapo sibishi. SSD ni nyepesi, ina spidi, haina kelele na ikianguka haikwaruzi sahani. Lakini hizo video mnazotumiana kwenye simu, picha za harusi, rekodi za kamera, kumbukumbu za mabenki na mahospitali, vyote hivyo vinaenda kukaa wapi? Vinaenda kwenye vituo vya data, na humo sehemu kubwa ya mzigo bado imelala kwenye sahani zinazozunguka, manake terabaiti moja (gigabaiti 1,000) ya hadidiski bado bei yake iko chini mara kadhaa ukiweka na terabaiti ya SSD. Kampuni zinazotengeneza zimebaki tatu tu duniani, Seagate, Western Digital na Toshiba, na zote zinaendelea kumwaga hela kwenye utafiti. Januari 2024 Seagate walitangaza diski za terabaiti 30 na zaidi, sahani 10 ndani ya kasha lile lile la inchi 3.5 tulilolizoea, yani terabaiti 3 kwa kila sahani. Kitu kilichokufa hakikui hivyo.

Ila kilichonisukuma kuandika zaidi ni pale makala iliposema kwamba miaka yote hii wahandisi wamekuwa "wanabana data tu", kana kwamba ni jambo linalokuja lenyewe kila mwaka. Na sio nyie peke yenu, karibu kila anayeelezea hadidiski akitaka kuonyesha sayansi yake anakimbilia upande wa kusoma. Kweli upande wa kusoma una sifa zake, mwaka 1988 Mfaransa Albert Fert na Mjerumani Peter Grünberg kila mmoja kivyake waligundua kwamba ukipanga tabaka nyembamba za metali zenye usumaku na zisizo nao, ukinzani wa umeme unabadilika sana pakiwa na sumaku karibu, IBM wakaiingiza kwenye hedi za kusomea (hedi ni kile kichwa kidogo kinachopita juu ya sahani kusoma au kuandika data) mwaka 1997, na 2007 wale wawili wakapewa Nobeli ya fizikia. Walistahili kabisa. Lakini kwa karibu miaka 20 sasa mahali palipokuwa panakwama sana ni kuandika, na watu walioivusha hedi ya kuandikia hakuna anayewataja, hata mashuleni.

Hedi ya kuandikia ukiiondolea mapambo yote ni sumaku ya umeme. Kuna koili ya shaba yenye mizunguko michache, katikati yake kuna metali inayoshika usumaku kirahisi, ukipitisha umeme ile metali inakuwa sumaku, ukigeuza umeme na sumaku inageuka, na ncha yake ikipita juu ya sahani inaacha alama, upande huu ni moja upande ule ni sifuri. Ni mambo yale yale ya msumari na waya na betri tuliyofanya maabara sekondari. Mdenmark anaitwa Valdemar Poulsen alishafanya hivyo mwaka 1898, akarekodi sauti kwenye waya wa chuma. IBM mwaka 1956 kule San Jose, California, wakatoa RAMAC, hadidiski ya kwanza kuuzwa, sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, mzigo wa karibu tani nzima, na yote hiyo ilibeba herufi milioni 5 tu. Kwenye inchi moja ya mraba waliweza kuweka biti 2,000, biti ni hizo moja na sifuri. Leo tunaongelea biti trilioni moja na zaidi kwenye inchi hiyo hiyo, yani mara milioni 500, na ukipiga hesabu utaona kwamba hapo kila biti imepewa kieneo cha nanomita za mraba 645 basi, na nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni.

Na hedi yenyewe imebadilika sana. Ya RAMAC ilielea mikromita 20 juu ya sahani kwa kusukumwa na hewa ya kompresa, ya leo inaelea kwa upepo unaotokana na sahani kuzunguka, iko nanomita chache tu juu, na ikifika zamu ya kuandika au kusoma kuna kihita kidogo ndani yake kinaipasha ili itanuke na kusogea mpaka nanomita moja au mbili hivi, huku sahani ya mizunguko 7,200 kwa dakika inapita chini yake, pale ukingoni, kwa mwendo wa kilomita 125 kwa saa. Kijibamba chote kinachobeba hedi kina urefu wa milimita 0.85 na upana wa milimita 0.7. Tangu IBM walivyoleta hedi za utando mwembamba kwenye diski yao ya 3370 mwaka 1979, hedi hazichongwi tena moja moja, zinapangwa kwa maelfu juu ya bamba moja kwa mwanga na kemikali, njia ile ile ya kutengeneza chipu, halafu bamba linakatwa na kung'arishwa.

Sasa ugumu uko wapi? Juu ya sahani kuna chembe ndogo sana za metali, za siku hizi zina upana wa nanomita 8 hivi, na biti moja inabebwa na kikundi cha chembe kama kumi na kitu. Ukitaka kuweka biti nyingi zaidi lazima biti iwe ndogo, na biti ikiwa ndogo lazima na chembe ziwe ndogo, la sivyo mpaka kati ya biti na biti unakuwa na meno meno na hedi ya kusomea inasikia kelele tupu. Lakini chembe ikizidi kuwa ndogo joto la kawaida la chumbani linatosha kuigeuza yenyewe bila kuguswa na mtu, data inafutika kimya kimya ukiwa umelala. Wahandisi wanataka kizuizi cha nishati kinachoishikilia chembe kiwe karibu mara 60 ya nishati ya joto lenyewe, hapo ndo data inakaa miaka 10. Ili chembe ndogo iwe na kizuizi hicho inabidi utumie metali ngumu zaidi kisumaku, metali isiyogeuka kirahisi. Haya umeipata, umeiweka, chembe imetulia, joto haliigeuzi, sasa na hedi yako nayo haiigeuzi! Umetengeneza daftari zuri ambalo kalamu yako haiwezi kuandika.

Ukirekebisha kimoja unaharibu kingine, na anayebanwa mwishoni kila mara ni hedi ya kuandikia, kwa sababu nguvu yake ina kikomo ambacho hakikuwekwa na kiwanda. Metali yoyote ukiisumakisha inafika mahali inashiba, ukiongeza umeme unapata joto tu. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli na chuma waliyotumia kwenye hedi za utando za mwanzo inashiba kwenye tesla moja hivi, tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Wakabadilisha uwiano, wakaongeza chuma, wakafika tesla 1.6. Wakaenda kwenye chuma na kobalti, chuma theluthi mbili kobalti theluthi moja, wakapata tesla 2.4, na hapo ndo mwisho, viwanda havina aloi inayozidi hapo. Kwa hiyo kuanzia hapo mtu hawezi tena kusema naleta metali yenye nguvu zaidi, lazima acheze na umbo, na mwelekeo, na muda. Na hapa ndo mimi nawavulia kofia hawa watu.

Wa kwanza kutajwa awe Shun-ichi Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, Japani. Zamani biti zote zilikuwa zinalazwa bapa juu ya sahani, zinafuatana kichwa na mkia, na hedi ilikuwa na umbo la pete yenye pengo dogo chini, uga wa sumaku (nguvu ya sumaku inayoenea pembeni yake) uliokuwa unachuruzika nje ya lile pengo ndo uliokuwa unaandika. Unaona upotevu ulipo, nguvu kubwa inabaki ndani ya pengo na sahani inapata mabaki. Iwasaki miaka ya 1970 akasema biti zisimamishwe wima. Na akaonyesha kwamba ukiweka chini ya tabaka la data tabaka lingine la metali laini kisumaku, uga unaotoka kwenye ncha ya hedi unapita wima kwenye data, unaingia kwenye lile tabaka laini, unazunguka na kurudi kwenye hedi kupitia ncha ya pili iliyo pana zaidi, na pale unaporudia umetawanyika kiasi kwamba haufuti kitu. Maana yake ni kwamba sahani yenyewe sasa imo ndani ya pengo. Aloi ile ile, lakini nguvu inayoifikia data ni kubwa kuliko mwanzo. Kwangu mimi hili ni wazo zuri kuliko mengi yaliyopewa medali.

Na bado lilikaa karibu miaka 30 kabla ya kuingia dukani. Miaka ya 1980 makampuni yalijaribu yakaacha, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa bado ina nafasi ya kukua na hakuna mfanyabiashara anayebadilisha kiwanda kizima wakati cha zamani kinamletea hela. Iwasaki na wenzake hawakuacha. Mwaka 2005 Toshiba wakatoa diski ndogo ya inchi 1.8 iliyotumia biti wima, mwaka uliofuata Seagate wakafuata na ya laptopu, na baada ya miaka michache diski zote mpya duniani zikawa hivyo. 2010 Iwasaki akapewa Tuzo ya Japani. Hadidiski yoyote uliyonunua ndani ya miaka kumi na tano hii ina wazo la huyu mzee ndani yake, na sijawahi kuona jina lake kwenye gazeti la Kiswahili hata mara moja.

Baada ya hapo ndo ikaja kazi ya umbo, na naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu hapa pana utamu. Mkono unaobeba hedi hautembei mstari ulionyooka, unazunguka kwenye egemeo, kwa hiyo hedi ikiwa katikati ya sahani imekaa sawa na njia ya data (ule mstari wa duara ambao biti zimepangwa) ila ikienda ukingoni au ndani kabisa inapinda kwa nyuzi kumi na kitu. Ncha ya kuandikia ikiwa ya mraba, ikipinda kona yake ya mbele inatoka nje ya njia yake na kufuta data ya jirani. Dawa yake wakachonga ncha iwe pana nyuma na nyembamba mbele, ile pembe nne yenye ubavu mmoja mrefu tunayoijua kwenye hesabu kama trapeza, ili hata ikipinda kona isitoke nje. Na upana unaachwa upande wa nyuma kwa sababu ukingo wa nyuma ndo unaoandika, kila kilichoandikwa na sehemu ya mbele kinapitiwa tena na sehemu ya nyuma, neno la mwisho ni la ukingo wa nyuma.

Halafu nyuma ya huo ukingo wakaweka ngao ya metali laini, karibu sana na ncha, kazi yake inavuta uga uinamie upande wake. Mtu atasema sasa si unapunguza nguvu? Ndio unapunguza kidogo, lakini unapata vitu viwili. Mpaka wa uga unakuwa mkali, kwa hiyo biti moja inaisha sawasawa na nyingine inaanza. Na uga ulioinama unageuza chembe kirahisi kuliko uga ulionyooka, kwenye nadharia uga wa nyuzi 45 unahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajika uga ukiwa sambamba na chembe. Yani wanapoteza nguvu makusudi ili wapate pembe, na bado wanatoka na faida! Baadaye ngao ikazungushwa mpaka pembeni, njia za jirani nazo zisiguswe.

Kuna na tatizo la ncha kukumbuka. Umeandika, umezima umeme, ile ncha nyembamba ikabaki na usumaku wake, sasa inapita juu ya data za watu inafuta bila kuamriwa na mtu. Wakatibu kwa kuipanga ncha tabaka tabaka, chuma na kobalti, kisha tabaka jembamba lisilo na usumaku, tena chuma na kobalti, hivyo hivyo, ili umeme ukizimwa tabaka zigeukiane na kumalizana nguvu zenyewe. Na yote haya yanatakiwa yatokee haraka, diski inayoandika megabaiti 270 kwa sekunde inaipa kila biti chini ya nusu ya nanosekunde, ndani ya muda huo umeme ugeuke, metali igeuke, chembe zigeuke. Ndo maana njia ya sumaku ndani ya hedi ilifupishwa sana na mizunguko ya koili ikapunguzwa.

Sasa nije kwenye lile linalomhusu mnunuzi moja kwa moja. Ncha ya kuandikia haiwezi kuwa nyembamba bila mwisho, kwa sababu ukiipunguza upana unapunguza na uga unaotoka. Hedi ya kusomea yenyewe inaweza kuwa nyembamba. Kwa hiyo wakaja na njia ya kuandika pana na kusoma nyembamba, njia moja ya data inaandikwa, inayofuata inaandikwa ikiifunika ile ya kwanza nusu, inayofuata tena inafunika, kama makuti yanavyopandiana juu ya paa. Kinachobaki wazi ni ukanda mwembamba, na hedi ya kusomea inautosha. Hiyo ndo inaitwa SMR, ya kawaida isiyofunikana inaitwa CMR. Seagate walianza kuuza za SMR mwaka 2013. Na kwa kuwa ncha haibanwi tena na upana wa njia, unaweza kuiacha iwe pana na yenye nguvu zaidi. Kama uhandisi ni kitu safi kabisa.

Tabu inaanza ukitaka kubadilisha kitu katikati. Huwezi kung'oa kuti la chini bila kugusa yaliyo juu yake, kwa hiyo diski inabidi isome kanda nzima, ibadilishe, iandike upya zote mpaka mwisho wa kundi. Ili mtumiaji asisikie, diski ina sehemu yake pembeni ya kupokea haraka haraka, halafu ikipata nafasi inapanga. Ukiwa unaweka picha na filamu za kuangalia hutaona tofauti. Lakini ukiiandikia mfululizo bila kupumzika, ile sehemu inajaa, na spidi inaporomoka mpaka unadhani diski imekufa.

Nimeletewa na mteja mmoja mwenye studio, ana kisanduku cha diski nne zilizounganishwa ili moja ikifa nyingine zibebe. Moja ikafa kweli, akaenda dukani akauziwa nyingine ya ukubwa ule ule, lebo haikusema lolote kuhusu SMR na muuzaji hakujua, akaiweka, mtambo ukaanza kuijaza upya, ikaenda vizuri saa za mwanzo halafu ikaanza kusinzia, mtambo ukaona diski haijibu ukaitoa kwenye kundi, akarudia tena ikatolewa tena, na muda wote huo zile tatu zilizobaki zinasomwa mchana na usiku bila kinga yoyote. Tulimwekea ya CMR ikajaa bila shida. Angepoteza kazi za harusi za watu, na harusi hairudiwi. Hili sio la huku tu, mwaka 2020 duniani kulitokea kelele kubwa mpaka makampuni yote matatu yakakiri kwamba yalikuwa na modeli za SMR ambazo mnunuzi hakuambiwa, na Western Digital wakaishia kuchapisha orodha na kutenganisha majina ya diski zao za Red, Red ya kawaida ikabaki na SMR na Red Plus ikawa CMR.

Sasa makala yenu ingesema hayo ingewasaidia watu wa studio, watu wa kamera, watu wa ofisi ndogo wenye seva moja kwenye kabati. Kuwaambia wahamie wote SSD ni kuwatwisha gharama, mtu anahitaji terabaiti 16 za kurekodi kamera, SSD za kiasi hicho atazitoa wapi na kwa hela gani? Anachohitaji ni kujua aulize nini dukani.

Na kwa wanaosema basi hapo kwenye SMR ndo mwisho wa hedi, hapana. Zile diski za terabaiti 30 nilizotaja zina leza ndani ya hedi. Wameenda kwenye chembe za chuma na platini ambazo ugumu wake wa kisumaku unazizidi za zamani kwa mbali, hakuna hedi ya tesla 2.4 inayozigusa zikiwa baridi. Kwa hiyo wanazipasha. Leza inachoma kidoa kimoja mpaka zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi, chembe zinalegea, hedi inaandika, kidoa kinapoa, yote ndani ya nanosekunde moja hivi, na kikishapoa data imefungwa. Shida ilikuwa wimbi la mwanga wa leza lina urefu wa nanomita 800 na zaidi na kidoa kinachotakiwa ni cha makumi machache ya nanomita, huwezi kuufinya mwanga hivyo kwa lenzi yoyote. Wakatengeneza kiantena kidogo kinachopokea mwanga na kuukusanya kwenye ncha yake, na waliona dhahabu ndo inafaa, ila dhahabu kwa joto lile inalainika na kubadilika umbo. Seagate walionyesha biti trilioni moja kwa inchi ya mraba kwa njia hii maabara mwaka 2012, na ilibidi miaka zaidi ya kumi ipite ndo diski ziende kwa wateja wakubwa kwa wingi. Mabamba mengi ya kutengenezea hedi zao yanatoka Springtown, mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, mji ambao watu wengi wanausikia kwenye habari za siasa tu.

Wengine walienda njia nyingine. Profesa Jian-Gang Zhu wa Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza kuweka kitikisishi kidogo karibu na ncha, kinatoa uga unaotetemeka kwa masafa ya maikrowevu na kuzitikisa chembe mpaka zikubali kugeuka kwa nguvu ndogo. Toshiba mwaka 2021 wakatoa diski ya terabaiti 18 yenye mambo ya jamii hiyo. Western Digital wao walitangaza hiyo ya kutikisa mwaka 2017 kwa shangwe, halafu diski walizozitoa zikawa na kitu rahisi zaidi, wanapitisha umeme kidogo kwenye ncha kuu wakati wa kuandika ili igeuke kwa utulivu. Mimi naona leza ndo inashinda, hata hao Western Digital sasa wanaelekea huko.

Ombi langu kwenu ni hili. Chapisheni marekebisho ya ile makala, hasa lile la kusema hadidiski isinunuliwe. Mkiandika tena kuhusu diski mtajeni Iwasaki na elezeni kuandika kunafanyikaje, wanafunzi wa fizikia wanaosoma koili na sumaku za umeme wajue kwamba kile wanachokariri kwa ajili ya mtihani ndo kinachobeba data za dunia. Na kwa wasomaji wanaokwenda kununua wiki hii, chukua namba ya modeli iliyo kwenye lebo, itafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone imeandikwa SMR au CMR. Ya kuweka bakapu ya picha na filamu nyumbani SMR inatosha na inaweza kukuokolea hela. Ya kuingia kwenye kundi la diski zinazobebana, chukua CMR. Ya kamera zinazorekodi usiku na mchana, angalia kwanza mtengenezaji ameandika kwamba imetengenezwa kwa kazi hiyo. Muuzaji akikuambia zote ni sawa, nenda duka la pili.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi kompyuta, Dar es Salaam